Waliolala Kati ya Voi na Kasigau

Anayetoka Mombasa kwenda Voi kwa gari hufika Mackinnon Road minazi ikiwa imekwisha zamani. Hapo ni nyika tupu: vumbi jekundu, miiba, na joto linalopanda kutoka ardhini. Karibu na reli ya zamani pana msikiti, na katika msikiti huo pana kaburi. Malori hupunguza mwendo. Baadhi ya madereva hushuka, huvua viatu, husoma Fatiha, hutia chochote kwenye sanduku la sadaka, kisha hurudi kwenye usukani na kuendelea na safari ya Nairobi au Kampala. Aliyelala pale ni Sayyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyekuja kufanya kazi ya reli. Husimuliwa kwamba makuli wenzake walipokuwa wakijitwika makarai ya udongo, karai lake yeye halikumgusa kichwa. Lilielea hewani, naye akatembea chini yake kama mtu aliyejitwika kivuli. Alipokufa akazikwa huku huku njiani, na kaburi lake likawa ziara.

Mgeni anayezuru pwani ya kusini ya Uhindi huelekezwa kwanza kwenye mahekalu, yenye minara iliyojaa sanamu za miungu toka chini hadi kileleni. Kaunti ya Taita Taveta, ambayo Voi imo ndani yake, haina minara ya namna hiyo. Patakatifu pake ni mwamba ulioinama, kichaka cha miti mikongwe kilichoachwa katikati ya mashamba ya mahindi, safu ya makaburi kando ya reli iliyoota nyasi. Ni mahali pa wafu. Kwa hiyo anayetaka kuijua nchi hii namshauri aulize swali moja kila anapofika: hapa amelala nani? Na pale asipokuta mtu, aulize ni nani aliyepaswa kulala hapa, na yuko wapi leo. Mimi sijui njia nyingine iliyo bora ya kuisoma historia ya kaunti hii, maana wote waliokuja, wenyeji kwa wageni, waliacha wafu wao mahali fulani, na wengine wakaja wakawachukua wafu wa wenzao.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901. Vibarua waliosafirishwa kutoka Uhindi kwa kazi hiyo walikuwa karibu 32,000, wengi wao Wapunjabi waliopandia meli Karachi: Waislamu, Wahindu, na Makalasinga. Waliofia kazini walikaribia 2,500. Ukiwagawa kwa urefu wa reli, ni wafu wanne kwa kila maili. Kipande cha kati ya pwani na Voi kilikuwa cha mateso kupita kiasi kwa sababu Nyika ya Taru haina mto wala kisima cha kutegemewa. Maji yaliletwa kwa treni, na treni ikichelewa watu walikaa na kiu. Ndiyo sababu walipofika kwenye mto Voi, unaoteremka kutoka milima ya Taita, walikuwa wamefika penye uhai. Wenyeji husimulia kwamba jina la mto na la mji limetokana na Kivoi, Mkamba mfanyabiashara aliyepitisha misafara yake hapa kabla Mzungu hajaota reli.

Mnamo Machi 1898 reli ilikuwa imekwisha kuipita Voi, ikaukuta mto Tsavo, na hapo wakaja simba wawili wasio na manyoya ya shingo. Habari zao zinajulikana dunia nzima, kwa hiyo sitazirefusha. Waliwavuta watu kutoka kwenye mahema usiku, miezi tisa, hadi mhandisi John Henry Patterson alipowapiga risasi mnamo Desemba mwaka huohuo. Idadi ya walioliwa imekuwa ikipanda na kushuka kila inaposimuliwa. Patterson mwenyewe aliwahi kutaja 135, na utafiti wa kemikali za mifupa na manyoya ya simba hao uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria watu kama 35. Ninachotaka kiangaliwe ni kilichofuata. Mwaka 1924 Patterson aliuza ngozi na mafuvu ya simba hao kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000, na mpaka leo wamesimamishwa ndani ya kioo, wakitazamwa na watoto wa shule wa Marekani. Walioliwa hawana hata jiwe. Makalasinga walioendelea mbele na reli walijenga nyumba yao ya ibada Makindu mwaka 1926, na hadi sasa msafiri yeyote, awe wa dini gani, hupewa chakula pale bila kuulizwa senti. Katika njia nzima hiyo naiona kumbukumbu moja inayowafaa wale waliokufa na njaa na kiu porini.

Ukisimama kwenye stesheni ya Voi, ya zamani au ile ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017, utaona ukuta wa mlima upande wa kusini. Huo ndio Sagalla. Watu wa nchi hii wamejigawa kwa milima mitatu: Wasagalla hapo, Wadawida kwenye milima mikubwa ya magharibi ambayo kilele chake, Vuria, kinapita mita 2,200, na Wakasigau kwenye mlima wa peke yao kusini zaidi. Chini ni tambarare ya ukame na tembo. Juu ni ukungu, chemchemi na migomba. Watu waliishi juu. Tambarare ilikuwa ya kuwindia, ya kuchungia, na ya kupitia.

Sagalla ndiko alikopanda mmisionari J. A. Wray mwaka 1883, ametumwa na Waanglikana wa CMS. Alikuja wakati mbaya. Mwaka uliofuata mvua ilikataa, na njaa iliyoingia inaitwa Mwakisenge katika masimulizi ya Wataita mpaka leo. Wazee wa Sagalla waliitazama hali hiyo kwa akili timamu ya mtu anayetafuta sababu: mvua ilikuwepo, mgeni akaja, mvua ikaondoka. Wray akalaumiwa kuizuia. Lakini njaa ilimshinda kila mtu. Wengi waliteremka hadi pwani, wakafika Rabai kwenye misheni. Wapo waliowaweka watoto wao rehani kwa jirani mwenye chakula, na si wote waliorudi kuwakomboa. Waliofia njiani tambarareni hawakupata kuzikwa nyumbani. Kwa Mtaita wa wakati huo msiba huo ulikuwa mkubwa kuliko kifo chenyewe, na ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kupanda Dawida.

Barabara ya Mwatate hukata mashamba ya mkonge, kisha huanza kujipinda kuelekea Wundanyi. Hewa hubadilika katika nusu saa. Mashamba yameninginia ubavuni mwa mlima, maji yamechimbiwa mifereji, na juu ya kila bonde kuna jabali kubwa la kijivu. Kwenye majabali hayo, chini ya mwamba uliojiinamia kama ukingo wa paa, ndipo palipo ngomenyi.

Mtu alipofariki alizikwa kwanza kama wanavyozikwa watu wengine. Muda ukapita, mwaka na zaidi, udongo ukamaliza kazi yake. Kisha jamaa wa ukoo walikwenda kaburini, na kama marehemu alikuwa mzee aliyeacha kizazi, walilifukua fuvu lake, wakalisafisha, wakalipeleka kwenye mwamba wa ukoo na kulipanga pamoja na waliotangulia. Basi ukoo ulikuwa na jamaa wa aina mbili: wanaoishi kijijini na walioketi ngomenyi, wakiitazama nchi kutoka juu. Palipotokea ugonjwa usioeleweka, ugomba uliokauka, ng'ombe aliyeharibu mimba mara kwa mara, mganga wa kupiga ramli angeweza kusema: babu yenu ana hasira, mmemsahau. Nao wangechukua pombe ya miwa, mbangara, wakamwendea.

Hapo ndipo inapoingia kutasa. Mtu alivuta pombe au maji ya miwa kinywani, akayapuliza nje kwa matone madogo, na baada ya kupuliza akasema maneno ya amani: nimeitoa hasira yangu, na mambo yawe mema. Grace Harris, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiona kutasa kuwa ndiyo kiini cha dini yote ya Wataita: imani kwamba hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya jirani, ya mke, ya babu aliyekufa au ya Mlungu mwenyewe, ndiyo inayowatia watu maradhi, na dawa yake ni kuitoa nje kwa kinywa. Naipenda sana dini inayoanzia hapo. Haimtaki mtu aseme kwamba hakuwahi kukasirika. Inamtaka akiri, ateme, na aendelee kuishi na wenzake.

Ngomenyi ilikuwa ya wafu wa ukoo. Kwa ulinzi wa eneo zima palikuwa na fighi. Hivi ni vichaka vya msitu wa asili vilivyotengwa na wazee, mara nyingi kwenye njia zinazoingia bondeni, ambamo dawa ya kulinda nchi iliwekwa. Adui aliyepita hapo kwa nia mbaya angepotea njia au kuishiwa nguvu, ndivyo ilivyoaminiwa. Mti haukukatwa, kuni hazikuokotwa, na asiyeruhusiwa hakuingia. Leo ukisimama juu ya Wundanyi na kutazama chini utaona mashamba yaliyokatwa vipande vipande kama kanga ya viraka, na katikati yake, hapa na pale, doa la kijani kizito. Hayo ndiyo mabaki ya fighi. Wanasayansi wanaokuja kwenye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki kilichopo Wundanyi wanayapima madoa hayo kwa picha za kutoka angani, kwa sababu ni kumbukumbu ya msitu ulivyokuwa kabla ya misonobari na mikaratusi kupandwa. Misitu mikubwa iliyosalia, Ngangao, Mbololo na Chawia, nayo ni midogo. Hata mkubwa wao haufiki hekta 250. Ndani yake huishi ndege wa Taita mwenye kichwa cheusi na ubavu wa rangi ya kutu, ambaye hapatikani kwingine duniani. Wazee waliokataza shoka walikuwa wakilinda watu na ardhi yao. Ndege, chura na chemchemi walilindwa pamoja nao.

Desturi ya mafuvu ilikoma mwanzoni mwa karne ya 20. Haikukatazwa siku moja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bura mwaka 1892. Waanglikana nao walizidi kujenga milimani. Kijana aliyebatizwa alizikwa kwenye makaburi ya kanisa, na makaburi ya kanisa hayafukuliwi. Kizazi kimoja, viwili, na pasiwe na mtu wa kulipeleka fuvu jipya mwambani. Ya zamani yakabaki. Koo nyingine bado zinajua yao ni wapi, na baadhi ya mapango hayo mgeni huweza kuonyeshwa, akiomba kwa adabu na akifuatana na mwenyeji. Nawasihi wanaokwenda: simu zibaki mfukoni mpaka mwenyeji aseme, na mkono usiguse kitu. Huyo aliye mbele yako ni babu wa mtu aliyekuongoza mpaka hapo.

Nasema hivyo kwa sababu mikono imekwisha kugusa. Mwaka 1931 jarida la kitaalamu la Biometrika, la Uingereza, lilichapisha uchunguzi wa Elisabeth Kitson kuhusu mafuvu kutoka Koloni ya Kenya, na miongoni mwake yalikuwamo mafuvu ya Wataita. Mafuvu hayo yako Cambridge. Miaka kadhaa baadaye William Howells wa Chuo Kikuu cha Harvard alipozunguka dunia akipima vichwa vya watu wa makabila mbalimbali, aliyapima pia, 83, ya wanaume 33 na wanawake 50, na katika kitabu chake cha 1973 akayaweka kama kundi moja lenye jina la Teita. Vipimo vyake vikawa msingi wa programu za kompyuta zinazotumiwa na wataalamu wa mifupa nchi mbalimbali. Polisi wa mji wa ng'ambo wakiokota fuvu msituni, mtaalamu wao huweza kuliweka kwenye mizani pamoja na makundi ya Howells, na mojawapo ya makundi hayo ni wazee wa Taita.

Kwa hiyo mafuvu ya simba waliokula watu yako Chicago, na mafuvu ya wenyeji wa nchi hii yako Cambridge. Nimejaribu kuitazama habari hii kwa upole wa mwanahistoria, nikijikumbusha kwamba maarifa yana thamani na kwamba waliopima walikuwa watu wa zama zao. Upole huo hunifikisha mahali fulani, kisha huniacha. Kila fuvu ngomenyi lilikuwa na jina. Lilipangwa na mtoto wake. Lilipelekewa pombe siku ya shida. Kule lilikokwenda lina namba, na hakuna anayepuliza mbangara mbele ya namba.

Kutoka Bura barabara hushuka tena kwenye joto na kuelekea Taveta. Upande mmoja ni reli iliyojengwa kwa haraka ya vita. Mnamo tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliokuwa Moshi waliivamia Taveta na kuishika, na kwa mwaka mmoja na nusu mpaka wa vita kuu ya dunia ukawa hapa, kati ya mibuyu ya Maktau na kilima cha Salaita. Waingereza walihitaji reli ya kupeleka mizinga na maji, wakaianza Voi mwaka 1915, kwa mikono ya vikosi vya reli kutoka Uhindi. Wajerumani wakawa wanatuma doria za usiku kuilipua. Karibu na Maktau, tarehe 3 Septemba 1915, luteni mmoja Mwaustralia, Wilbur Dartnell, aliyekuwa amejeruhiwa mguu, alikataa kuchukuliwa na wenzake ili abaki na majeruhi wasioweza kutembea. Aliuawa hapo, akapewa baadaye nishani ya Victoria Cross. Kaburi lake liko Voi, na linatunzwa vizuri.

Tarehe 12 Februari 1916 kikosi kipya cha Waafrika Kusini wazungu kilipelekwa kuiteka Salaita. Walikuwa wageni wa vita hii, na walikuwa na dharau: kwao askari Mwafrika wa Wajerumani hakuwa mpinzani, na askari Mhindi wa Waingereza alikuwa kuli tu. Askari wa Wajerumani waliwasubiri kwenye mahandaki, wakawatimua. Walioziba pengo na kuwawezesha kurudi nyuma ni Wabaluchi wa kikosi cha 130. Husimuliwa kwamba baada ya vita Wabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini bunduki ya mtombo waliyoiacha uwanjani, pamoja na ombi la heshima kwamba wasiwaite tena makuli. Nikilikumbuka neno hilo, kuli, na kulikumbuka karai la Mackinnon Road, naona jinsi miaka kama ishirini tu ilivyotosha kuwaleta Wahindi mara mbili kwenye njia hii: mara ya kwanza na sururu, mara ya pili na bunduki, na mara zote mbili kufa. Maktau pana makaburi ya askari wa Kihindi peke yao. Taveta pana makaburi mengine ya vita, mistari iliyonyooka, nyasi zimekatwa.

Walio wengi kuliko wote hawamo katika mistari hiyo. Wapagazi, waliobeba mchele, risasi na majeruhi kutoka hapa hadi Msumbiji, walikufa kwa kuhara, homa na njaa. Hesabu rasmi ya upande wa Waingereza peke yake inapita 40,000. Jina la jeshi lao limebaki kwenye mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ila makaburi yao hayapo. Miongoni mwao walikuwamo Wataita, na nadhani hili nalo lasaidia kueleza kwa nini mwamba wa ukoo ulianza kukosa vichwa vipya miaka hiyohiyo. Dini mpya ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba wafu hawakufia nyumbani.

Karibu na Taveta kuna maziwa mawili ambayo mgeni hawezi kuyaacha. Jipe ni la chini, pana, lenye mafunjo na viboko, na wavuvi wa Kenya na wa Tanzania hukutana katikati yake bila kuonyeshana pasipoti. Chala ni kinyume chake: limezama ndani ya shimo la volkano, kuta zake zimesimama wima, maji hubadili rangi kutoka bluu hadi kijani kufuatana na majira ya mwaka. Charles New, mmisionari aliyefika huku mwaka 1871, aliambiwa na wenyeji kwamba palikuwa na kijiji cha Wamasai mahali hapo, kikamezwa siku moja chote, na kwamba mtu akisikiliza huweza kusikia ng'ombe na majogoo chini ya maji. Mwaka 2016 watafiti walitoboa tope la chini ya ziwa hilo, wakatoa mche wa udongo wa zaidi ya mita 210, uliojilimbikiza kwa kadiri ya miaka robo milioni. Sehemu kubwa ya tope hilo ina mistari myembamba, mweupe na mweusi, jozi moja kwa mwaka, kama kitabu kilichoandikwa na upepo na mvua. Mwakisenge imo humo, katika unene wa milimita.

Nimeuacha mlima Kasigau mwisho ingawa ndiko historia iliyoandikwa ya nchi hii inakoanzia. Johannes Rebmann, Mjerumani wa misheni ya Rabai, aliufikia mnamo Oktoba 1847, miezi kama saba kabla ya kuuona Kilimanjaro, akiongozwa na watu wa misafara walioijua njia hiyo vizuri. Mlima wenyewe unasimama peke yake, mita 1,641, na miguuni pake kuna vijiji vitano: Rukanga, Jora, Kiteghe, Makwasinyi na Bungule. Mapango yake yana kitu cha ziada. Midomo ya baadhi yake imezibwa kwa kuta za mawe makavu, mawe juu ya mawe bila chokaa, na nguzo za miti zikishikilia mlango mdogo wa kupita kwa kuinama. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na wenzake waliyachunguza, wakayahusisha na karne za biashara ya pembe na watumwa. Msafara wa pwani ungeweza kuja na nguo na shanga. Ungeweza pia kuja na minyororo. Watu waliingiza watoto na mifugo ndani, wakaziba.

Kuta hizo hazikuwa na msaada mwaka 1915. Mnamo Agosti Wajerumani walikishambulia na kukishika kituo cha Waingereza hapo Kasigau, na Waingereza wakaamua kwamba wenyeji ndio waliowaonyesha adui njia. Adhabu haikumlenga mtu fulani. Waliwakusanya Wakasigau wote, wazee, wanawake na watoto wachanga, wakawahamishia Malindi. Watu waliozoea hewa ya mlimani wakawekwa pwani, kwenye joto na malaria, bila mashamba yao. Walikufa kwa wingi, wakazikwa kwenye mchanga usio wa kwao, mbali na mwamba wa babu zao. Vita vikaisha 1918, hawakurudishwa. Miaka ya 1920 ikapita. Waliruhusiwa kurejea mlimani katika miaka ya 1930, baada ya wengi wa waliotoka wakiwa watu wazima kuwa wamekwisha kufa.

Mtoto wa miaka kumi aliyeondoka 1915 alirudi akiwa amepita thelathini. Alikuwa na watoto ambao hawajawahi kuuona mlima isipokuwa kwa maneno yake. Kutoka tambarareni, Kasigau huanza kuonekana mbali sana, samawati, kama wingu lililotua, na kwa siku nzima ya kutembea hausogei. Yeye ndiye aliyejua njia. Alijua ni jabali lipi lenye maji, pango lipi lenye ukuta, na mwamba upi uliokuwa na wazee wake, ambao kwa miaka ishirini hapana mtu aliyewapelekea chochote. Waliozaliwa Malindi walimfuata nyuma, wakipanda.